Mwaka Nilioliacha Darasa la Saba la Midia

Mtakaosoma karatasi hizi mtavumilia mwandiko wangu unaolala upande, na maneno ambayo huenda nimeyaandika vile ninavyoyasikia badala ya yanavyotakiwa. Niliishia darasa la saba, na tangu wakati huo mkono wangu umeandika majina ya wateja na barua chache za msiba. Naandika polepole. Ukurasa huu mmoja umenichukua asubuhi nzima, na mara mbili nimeinuka nikaenda kusimama mlangoni bila sababu, nikarudi. Mwalimu Wani amefariki. Habari niliipata sokoni Arua kwa mwanamke anayeleta ufuta kutoka Koboko, naye alinieleza huku akipima ufuta wake, hakujua kwamba ananiambia mimi jambo kubwa. Nilikwenda mazishini Midia, kijiji kilicho karibu na Koboko. Baada ya siku tatu binti yake alituomba sisi tuliofundishwa naye tuandike kila mmoja anachokumbuka, apate kuyaweka pamoja watoto wayasome. Wengine waliahidi palepale kwa sauti. Mimi niliitikia kwa kichwa tu, kama kawaida yangu. Ya wazazi wangu na jinsi walivyovuka kutoka Kongo wakaja kukaa Arua sitayagusa. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, mwaka ambao nilisoma shule mbili na kuiharibu moja.

Shule ya kwanza ilikuwa ya mjini Arua. Jina lake siliandiki, kwa sababu ingali ipo na walimu wa leo hawana kosa. Darasa letu lilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, madirisha ya vioo, na ukutani palikuwa na ubao mrefu wa majina ya watoto waliokwenda sekondari, mwaka kwa mwaka, yameandikwa kwa rangi safi. Tulikuwa tunausoma ubao ule kuliko vitabu. Watu wa mjini walisema shule ile inafundisha. Baba yangu, aliyekuwa akiuza mawese sokoni na hakuwahi kukaa kwenye dawati, alilisema neno hilo kwa heshima kubwa: inafundisha. Waliosoma pale walikuwa watoto wa makarani, wa waganga wa hospitali, wa maofisa wa jeshi na wa wenye maduka. Halafu tulikuwapo sisi wengine tulioingia kwa bahati, watoto wa soko, watoto wachache waliotembea alfajiri kutoka Pajulu na Adumi, na watatu wenye asili ya Kongo. Nilikaa nyuma karibu na ukuta. Katika miaka mitatu sidhani kama nilinyosha mkono mara tano.

Mwisho wa muhula wa kwanza wa darasa la saba walitupa mtihani wa majaribio. Sikushindwa maswali. Nilishindwa muda. Nilipofika nusu ya karatasi ya hesabu kengele ililia, na nusu ile niliyomaliza ilikuwa sahihi yote. Najua kwa sababu mtoto wa ofisa mmoja aliyekaa karibu nami aliinakili, akaongeza na ya kubahatisha, akapata alama kunizidi. Siku mbili baadaye mkuu wa shule aliingia na karatasi, akasoma majina. Alisema waliosomwa waende wakatafute shule nyingine ya kufanyia mtihani wa mwisho, kwa faida yao wenyewe, mahali ambapo mwendo si wa haraka. Majina yalikuwa kumi na kitu. Wa Adumi wote walikuwamo, na wa Pajulu, na sisi wa Kongo watatu. Mtoto wa ofisa hakuwamo. Nilifunga vitabu vyangu kwa kitambaa nikatoka, na njiani nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, kama wale walioandikwa ukutani nao walikuwa wamebaki baada ya wengine kusomwa hivyo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na hilo ndilo wazo la kwanza ambalo nakumbuka kulipata bila kufundishwa.

Baba alikwenda kumwona mkuu akiwa amevaa shati lake la kanisani. Alirudi akasema mkuu alimpokea vizuri, akampa kiti, akamweleza kwamba shule ina jina, na jina likishuka watoto wote wanaumia. Baba alilikubali jambo hilo kuliko nilivyotaka. Usiku huo walizungumza yeye na mama, na kesho yake nikaambiwa nitakwenda kwa shangazi yangu Martina, dada yake baba, aliyeolewa Midia kwa watu wa tumbaku. Kule kulikuwa na shule yenye darasa la saba na haikumkataa mtu.

Shule ya Midia ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali ya udongo na bati. Darasa la sita na la saba walikaa chumba kimoja, la sita wakitazama mashariki na la saba wakitazama magharibi, migongo karibu igusane, na Mwalimu Wani, aliyekuwa mkuu wa shule na mwalimu wetu pia, akitembea katikati. Alikuwa mwembamba, ana kaptura ndefu iliyopigwa pasi, na sauti ndogo ambayo ilitulazimisha kunyamaza ili tuisikie. Siku niliyofika alinitazama, akaitazama barua ya mkuu wa mjini, akaikunja bila kusema neno na kuitia katika rejesta. Aliniambia niketi pale penye nafasi. Nafasi nyingi zilikuwapo siku hiyo. Juma lililofuata hapakuwa na hata moja.

Hilo nililielewa baadaye kidogo. Nusu ya watoto pale walikuwa wa wakulima wa tumbaku na mihogo, Wakristo na Waislamu. Nusu nyingine walikuwa watoto wa wanajeshi, ambao baba zao walikuwa kambi za mbali, Jinja, Mbarara, Masindi, na mama zao walirudishwa nyumbani Koboko au kuitwa tena kambini kila amri ilipotoka. Lori la jeshi lilipofika kwenye barabara kubwa na kushusha magodoro na kuku, tulijua Jumatatu darasa litajaa. Lilipokuja tupu, tulijua litapungua. Kuna mtoto aliyesoma nasi siku nne. Mwingine aliondoka na kitabu changu cha historia na sijakiona hadi leo. Walijua Kiswahili cha kambini kuliko lugha za mama zao, na kila mmoja alikuwa amefundishwa hesabu za kugawanya kwa njia ya shule nyingine. Sokoni Koboko wanawake walisema ile ni shule ya watoto wa kambi, haitoi mtu. Na kweli kwa miaka miwili haikuwa imetoa hata mtoto mmoja wa kwenda sekondari. Lakini nilipokuwa nikimtazama Mwalimu Wani akifuta majina na kuandika mengine kwenye rejesta ile ile, nilishangaa hata tuliwezaje kufika ukurasa wa pili wa kitabu chochote.

Aliyekaa nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, alikuwa msichana wa darasa la sita aitwaye Keji. Baba yake alikuwa sajini. Siku yangu ya kwanza alinigeukia Mwalimu alipotoka, akaniangalia kama mtu anayeangalia bei.

"Wewe ndiyo ule wa Kongo walifukuza mjini?"

Nikasema hawakunifukuza.

"Basi iko natafuta nini hapa?" Akacheka. "Usilie, Kongo. Sisi pia wanafukuza kila mwaka. Lakini sisi wanafukuza na lori ya serikali. Hiyo ni heshima."

Tulikuwa marafiki kuanzia hapo, kwa jinsi mtu mkimya anavyoweza kuwa rafiki wa mtu asiyenyamaza. Mama yake alikuwa na sukari wakati ambapo sukari haikuonekana dukani kwa miezi, na Keji alikuwa akija nayo imefungwa kwenye karatasi ya daftari, akaniwekea kiganjani kidogo, tuirambe nyuma ya choo cha shule. Ile ilikuwa shule yake ya tano. Mama yake alikuwa amekataa kuhama tena. Alimwambia sajini kwa barua kwamba atamfuata huko kambini mtoto huyu akimaliza darasa la saba na si kabla, na kama anataka chakula cha moto ajifunze kupika. Barua hiyo aliiandika Keji mwenyewe, kwa hiyo aliijua yote kwa kichwa na alinisomea mara nyingi.

Mwezi wa saba mkaguzi wa elimu alikuja na baiskeli. Sisi tulikuwa tunafagia, na dirisha la ofisi halikuwa na kioo, hivyo tulisikia. Alisema mwaka wa tatu sasa. Alisema kama mwaka huu hakuna hata mtoto mmoja wa Midia atakayeitwa sekondari, darasa la saba litaondolewa pale, waende wakachanganywe na shule ya Koboko mjini. Mwalimu Wani aliuliza watoto wa upande wa mpakani watatembea vipi umbali ule kwenda na kurudi. Mkaguzi alisema wanaotaka kusoma watatembea. Mwalimu akasema kwa sauti ile ndogo: "Bwana mkaguzi, chukua darasa langu lote peleka mjini, na la mjini ulete hapa, mwaka mmoja tu. Halafu utaniambia ni jengo lipi linafundisha." Mkaguzi alicheka, si kwa ubaya, akasema yeye hakutumwa kuhamisha watoto, ametumwa kuhesabu. Keji alinishika mkono wenye ufagio. Mwaka ujao yeye ndiye angekuwa darasa la saba.

Ndipo tumbaku ikaiva. Anayejua Midia anajua kwamba majani yakiiva hayangoji, na kila mtoto mwenye vidole anahitajika kuyafunga. Miaka yote darasa lilikuwa likibaki tupu mwezi huo, na watu wa mjini walisema wazazi wa kule hawapendi elimu. Mwaka ule Mwalimu Wani hakupiga kengele. Alikwenda nyumba kwa nyumba akapatana na wenye mabanda ya kukaushia majani: watoto watafunga tumbaku, lakini banda moja kwa siku, wote pamoja, na yeye atakuwamo. Wazee walicheka wakakubali, kwa sababu mikono ishirini kwenye banda moja inamaliza kabla ya jua kupanda. Banda la kwanza lilikuwa la mume wa shangazi yangu. Tuliketi chini kwenye giza lile la kijani, majani yamerundikwa mbele yetu, kila wawili na ufito wao wa kuyaning'inizia, tukiyafunga mawili mawili kwa kamba, kulia na kushoto, kulia na kushoto, na Mwalimu amesimama mlangoni penye mwanga akiuliza. Aliuliza hesabu za akili. Aliuliza kwa Kiingereza na tulijibu kwa Kiingereza. Na kwa sababu kila mtu alikuwa ameinamisha macho kwenye majani na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake, siku ya tatu nilijisikia nikijibu. Sikunyosha mkono, mikono ilikuwa na kazi. Nilijibu tu. Keji aliacha kufunga akageuka kuhakikisha kama ni mimi.

Mwalimu aliliona jambo ambalo shule ya mjini haikuliona kwa miaka mitatu. Aliona kwamba vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vya wote kwenye kamba, na kwamba siko polepole kichwani. Alinifanyia kitu kimoja. Alinifundisha nikipewa karatasi nisianze mwanzo. Niipite yote kwanza, nikamate yale ninayoyajua, niyafunge, kisha nirudi kwa magumu. Alisema hakuna mtu anayefunga jani lililo chini kabisa kwanza. Tuliporudi kwenye majengo, madaftari yetu yote yalikuwa na alama nyeusi za vidole, kwa kuwa utomvu wa tumbaku haukubali kutoka na sabuni haikuwapo. Shangazi alinisugua kwa majivu na maganda ya ndimu, nikabaki vilevile. Alikuwa akitupikia ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese aliyotuma baba, na mimi nilikuwa nakula kwa mkono mweusi, nikijiambia maswali chini kwa chini mpaka anamwita mumewe kuja kunisikiliza.

Mwezi wa tisa ulikuja mtihani mwingine wa majaribio, huu ulitoka Arua kwa shule zote za wilaya. Majibu yalipotangazwa Mwalimu Wani alinisimamisha mbele ya madarasa yote mawili. Hakunisifu. Alisoma alama zangu, akasema niketi, akaenda nje na kukaa huko muda. Zilikuwa alama za kuitwa sekondari, si shule kubwa, lakini kuitwa. Siku hiyo hiyo tulijaza fomu ya machaguo. Ninyi wa zamani mnakumbuka fomu ile: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kivuko, kwamba shule ikijaza nafasi zake kwa walioiweka kwanza haiwaangalii walioiweka pili. Kwa hiyo usiandike unapopenda kuonekana, andika utakapopokelewa. Tuliandika shule ya wasichana ya huku huku West Nile, isiyo na jina kubwa. Keji alisoma fomu yangu juu ya bega langu, akaniita mheshimiwa.

Alama hizo zilionekana mjini pia. Baba alikuja Midia Jumapili iliyofuata, juu ya lori la mihogo, amevaa shati lile la kanisani. Nilijua kuna jambo kabla hajashuka. Juma hilo hilo lori la jeshi lilikuwa limekuja tupu na kuondoka limejaa, na darasa la saba tulikuwa tumebaki tisa. Tisa kwenye chumba kile. Nilikuwa silali vizuri. Kila nikitazama madawati niliona mwaka ujao hakuna mtu, na niliona kwamba wote, hata mama yake Keji ambaye hakuwahi kusema nami zaidi ya salamu, sasa wananisalimu kwa kusimama. Ilinitisha. Nataka mjue kwamba ilinitisha.

Niliwasikia wakizungumza chumba cha pili, baba na shangazi, mimi nikipepeta kunde uani. Baba alisema mkuu wa shule alikuja mwenyewe sokoni, kwa miguu yake, akasimama mbele ya makopo ya mawese watu wakiona. Mkuu alisema huyu ni mtoto wetu, alikwenda tu kumsalimia shangazi yake, orodha ya mtihani bado haijafungwa, arudi afanye mtihani na wenzake. Shangazi alisema wenzake gani, wale waliomtupa? Alisema Mwalimu Wani ndiye aliyemfanya mtoto huyu aseme, na akiondoka shule ile imekwisha. Baba akasema yeye hajui. Alisema neno hilo mara mbili, na sikuwahi kumsikia baba yangu akisema hajui. Akaniita.

Nilisimama mlangoni na ungo. Alikuwa amemaliza kula, mikono yake iko juu ya magoti.

"Mama, sikia," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita sikuzote. "Hii masomo ni ya kwako. Miye sikusoma, siwezi kujua. Kama unataka kubakia huku kwa mwalimu yako, bakia, nitaambia ule mukubwa hapana. Kama unataka kurudi, turudi. Useme weye mwenyewe."

Shangazi alinitazama. Alijua, nadhani, kabla sijafungua mdomo. Nilifikiria sakafu nyekundu na ubao wa majina. Nilifikiria wanawake wa sokoni wakisema shule ya watoto wa kambi, na kwamba nikifaulu kutoka pale watasema ni bahati, na nikianguka watasema si ajabu. Nilifikiria Keji pia, siwezi kusema sikumfikiria. Nikasema, "Nirudi."

Baba hakufurahi wala hakuhuzunika. Alisema sawa. Tuliondoka alasiri ile ile, kwa sababu lori lilikuwa linarudi, na nilishukuru kwamba ilikuwa Jumapili na hakuna mtu shuleni. Sikumuaga Mwalimu. Sikumuaga Keji. Vitabu nilivifunga kwa kitambaa kile kile nilichotoka nacho mjini.

Mkuu wa mjini alinipokea kama mtu aliyekuwa safarini. Aliniweka safu ya mbele. Wasichana waliangalia vidole vyangu, mmoja akauliza kama ni ugonjwa. Siku ya tatu mkuu aliniita ofisini, akafungua fomu mpya, akauliza nilikuwa nimechagua wapi. Nilipomwambia alitabasamu. Alisema mtoto wa shule hii hajiandikishi mahali kama pale, itakuwaje tukiandika hilo ukutani? Akaandika mwenyewe, kwa wino, chaguo la kwanza shule kubwa ya wasichana karibu na Kampala, na ile yetu ya West Nile akaiweka ya pili. Alinigeuzia karatasi nitie jina. Nilijua kosa lilipo. Nilikuwa nimeelezwa taratibu, neno kwa neno. Ningeweza kulisema kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kilugbara. Kwenye banda la tumbaku ningelisema. Ofisini mle, mbele ya meza ile, nilitia jina.

Mtihani niliumaliza wote, nilianza na ninayoyajua. Majibu yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri, na shule kubwa ya karibu na Kampala haikunichukua, kwa kuwa ilikuwa na wengi wenye alama za juu zaidi. Ile ya West Nile ilikuwa imejaza nafasi zake kwa wasichana walioiweka kwanza, na wa mwisho wao alikuwa na alama chini ya zangu. Baba alikwenda tena kwa mkuu. Mkuu alimpongeza. Alimwonyesha orodha ya waliofaulu mwaka ule, iliyobandikwa nje, na jina langu likiwamo, na alisema shule haijawahi kuwa na orodha ndefu hivyo. Kuhusu nafasi alisema tujaribu mwaka ujao, ila kurudia darasa hapo kwake hakuruhusiwi. Baba aliniambia hayo yote jioni akiwa ananawa miguu. Kisha akaniuliza kama nitaweza kumsaidia sokoni kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo. Vita vilipokuja tulikimbia tukavuka kurudi Kongo, tukarejea baadaye, na mawese ndiyo niliyoyakuta.

Midia haikutoa mtu. Wale wanane waliobaki walijitahidi na hakuna aliyeitwa. Darasa la saba likaondolewa.

Kabla ya muhula mpya kuanza, Mwalimu Wani alikuja Arua ofisi ya elimu, na alipotoka huko alipita sokoni. Nilimwona kabla hajaniona. Nilitaka kuingia chini ya meza. Alisimama, akauliza bei ya mawese, akaniuliza habari za nyumbani, na hakuuliza habari za mtihani, maana alizijua. Niliona kwamba anangoja sentensi fulani kutoka kwangu, yoyote. Nikampa hii. Nilisema, "Mwalimu, ni baba aliyenichukua."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale, anafunga makopo. Alisikia. Hakuinua kichwa.

"Najua," alisema Mwalimu Wani. "Mzazi ana haki na mtoto wake. Keji alikuwa na hasira sana, alisema hata akikukuta njiani hatakusalimu. Nilimwambia usimkasirikie huyu. Si yeye aliyeamua." Akalipa, akachukua mawese yake, akaniambia nisiache kusoma chochote ninachokiona kimeandikwa.

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Nimeona shule za Arua zikipanda na kushuka, nimesikia wazazi kwenye meza yangu wakiulizana ni ipi inafundisha, na kila mara nimetaka kuwauliza wao, je, mmeuliza ni akina nani waliosomwa majina wakatoka? Siulizi. Napima mawese. Watu husema shule ile ni nzuri kwa sababu ya watoto wazuri, na ile ni mbaya kwa sababu ya watoto wake, na mimi nimekuwa mtoto wa shule zote mbili katika mwaka mmoja, mbaya mjini, mzuri Midia, na nilikuwa mtu yule yule. Lakini si hilo hasa lililonifanya nimalize karatasi hizi. Baba yangu alibeba lawama yangu mpaka alipokufa na hakuwahi kunikumbusha. Mwalimu Wani amezikwa akiamini nilivyomwambia. Nilisimama karibu na kaburi lake nikiwa na nafasi ya kusema, walikuwa wanaomba watu waseme, na nikatikisa kichwa kukataa. Basi nasema hapa ambapo hakuna anayenitazama. Baba hakunichukua. Aliniuliza, akanipa nafasi ya kubaki, nami nikachagua.

Keji sikumwona mazishini, na hakuna aliyejua aliko. Wengine walisema alifuata kambi, wengine walisema alivuka kwenda Sudan wakati wa vita. Nawaomba mliokuwa darasa la sita mwaka ule, mliokaa mkitazama mashariki, mniandikie. Nataka kujua mlimalizia wapi la saba, na kama mlitembea, mlitembea na nani, na nani kati yenu aliacha njiani. Barua yoyote mkimpa anayeleta ufuta au tumbaku Arua itanifikia, aulize tu Rozalia wa mawese. Msijali mwandiko. Kama mna hasira, andikeni kwa hasira, na kama Keji yupo hai mahali fulani, naomba asome haya kwanza, halafu aamue mwenyewe kama atanisalimu.